TAA NYEKUNDU KATIKATI YA KONA

Ndugu Mhariri wa jarida letu amenitaka niandike habari ya historia, naye bila shaka alitazamia niandike juu ya kujengwa kwa bweni la nne, au ule mgomo wetu wa maharage. Mambo hayo yamekwisha andikwa na wenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Mimi nina deni moja la zamani, na katika mkutano wetu uliopita mwenye kudai alinikumbusha mbele ya watu, kikombe cha chai mkononi na mkongojo wake umeegemezwa kwenye kiti. Basi niwieni radhi, nitalilipa hapa hapa.

Wale waliokuwa shuleni Pasaka ya mwaka 1964 watakumbuka kwamba sisi tuliotoka mbali hatukwenda makwetu, maana nauli ilikuwa haba na likizo fupi. Mkuu wa shule alituruhusu kushuka hadi barabarani kuyatazama magari ya Safari. Siku zile mashindano yale yalipita katika nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, na barabara ya vumbi iliyopita chini ya shamba la shule ilikuwa mojawapo ya njia zake. Tulikaa juu ya ukingo wa kona ile kali, penye mkuyu, tumejitanda mablanketi ya bweni, tangu saa tisa za usiku.

Magari yalikuja moja moja. Kila moja lilifuata utaratibu ule ule: taa nyekundu za nyuma zikawaka lilipokuwa bado limenyooka, mngurumo ukashuka, taa zikazimika, gari likakata kona, kisha mngurumo ukapanda tena. Hata asiyejua gari angeweza kuhesabu: breki, kona, mafuta. Breki, kona, mafuta. Tukalizoea hilo kama tulivyozoea kengele ya shule.

Kisha kikaja kigari kidogo cha mviringo, kikilia kama pikipiki tatu zilizofungwa pamoja. Hicho hakikufuata utaratibu wo wote. Kiliingia katika kona kwa mlio ule ule wa juu, hakikuupunguza hata kidogo, na taa nyekundu zikawaka katikati ya kona na kubaki zimewaka, ilhali injini inapiga kelele! Mkia ukaserereka kuja upande wetu, tukarushiwa kokoto, nacho kikanyooka na kwenda zake.

Ubishi wa bwenini usiku uliofuata ulikuwa mkubwa. Mwenzetu mmoja, ambaye ndiye huyu mwenye mkongojo (sitamtaja jina, watu wa mwaka wetu wanamjua), alishika kwamba taa zile ni mbovu, nyaya zimegusana. Mimi nilisema dereva alikanyaga vyote viwili, breki na mafuta. Nikachekwa. Mwalimu wetu wa fizikia alipoulizwa alicheka pia, akasema hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetia pesa benki kwa mkono mmoja na kuzitoa kwa mkono wa pili.

Mwaka 1969 nikiwa kazini mjini nilipata jarida moja la magari katika maktaba, na humo nikasoma kwamba ni kweli: dereva yule hukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiwa kwenye mafuta. Nilipanda basi siku ya Jumamosi kwenda kumwambia mwenzangu, si kwa sababu nyingine ila nimshinde. Nikamwambia, "Siri ya spidi ni breki katikati ya kona." Nikarudi zangu nimefurahi. Mwaka 1971 yeye akaijaribu siri hiyo kwa pikapu, na tangu hapo jina langu kwake ni Bwana Nusu. "Uliniambia nusu," alisema mkutano uliopita. "Nusu ya pili iko wapi?"

Nusu ya pili ni ndefu, nayo haikuanza na kigari kile.

Magari ya kwanza ya mashindano yalikuwa na breki za magurudumu ya nyuma tu, na dereva aliyetaka kupunguza mwendo alianza mapema sana na kumwomba Mungu. Waundaji wengi waliogopa kuweka breki mbele, wakidhani usukani utakataa au gari litapinduka kifudifudi. Mwaka 1921, katika shindano kuu la Ufaransa lililofanyika Le Mans, Wamarekani walileta magari ya Duesenberg yenye breki katika magurudumu yote manne, zikisukumwa na nguvu ya umajimaji ndani ya mabomba. Jimmy Murphy akashinda. Wenyeji hawakufurahi, lakini hoja ilikuwa imekwisha jibiwa.

Sababu yake kila msomaji anaijua, kwa kuwa amepata kusimama ndani ya basi. Dereva akikanyaga breki, abiria wote huenda mbele. Uzito wa gari nao hufanya vivyo hivyo: huhama kutoka magurudumu ya nyuma kwenda ya mbele. Tairi iliyobanwa chini kwa uzito hushika barabara. Iliyopunguziwa uzito huteleza. Kwa hiyo wakati wa breki ni magurudumu ya mbele yanayoweza kufanya kazi, na wale wa zamani walikuwa wamefunga breki zao mahali pasipo na kazi. Ajabu ni kwamba abiria walikuwa wakiyumba hivyo tangu siku za magari ya farasi, na hakuna aliyeliona.

Baada ya hapo lilikuja fundisho ambalo madereva wa mashindano walilishika kwa miaka mingi: maliza breki zako zote wakati gari limenyooka, kisha geuza usukani, kisha kanyaga mafuta. Ni fundisho zuri. Ndilo nililoliona kwenye mkuyu, na ndilo ninalowafundisha wajukuu wangu. Hata hivyo, walikuwapo watu walioligeuza. Tazio Nuvolari wa Italia alilirusha gari lake katika kona hata magurudumu yote manne yakateleza pamoja, akaliongoza zaidi kwa mafuta kuliko kwa usukani. Mwaka 1935 kule Nürburgring, akiwa na Alfa Romeo iliyokwisha kuwa kuukuu, aliyashinda magari ya Mercedes na Auto Union mbele ya wenyewe Wajerumani. Nguvu za injini hakuwa nazo. Alizipata sekunde zake kwenye kona.

Shida kubwa ya breki za siku zile ilikuwa joto. Ndani ya dramu viatu vya breki husukumwa kwenda nje kusugua chuma. Dramu ikipata moto hutanuka na kuvikimbia viatu, na utando wake hupoteza ukali. Dereva hukanyaga, na mguu huzama. Ye yote aliyeshuka mlima mrefu na lori lililojaa anajua baridi inayompata mtu tumboni wakati huo. Waingereza wa Jaguar, wakishirikiana na Dunlop, walifunga diski iliyo wazi kwa upepo, ikibanwa pande mbili. Stirling Moss alishinda nazo Reims mwaka 1952, na mwaka 1953 Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda Le Mans ya saa 24 kwa wastani wa kilomita kama 170 kwa saa. Kabla yao hakuna mshindi aliyewahi kupita wastani wa maili 100 kwa saa katika shindano hilo. Injini yao haikuwa ya ajabu kuliko za wengine. Lakini mwisho wa barabara ndefu ya Mulsanne waliweza kuchelewa kukanyaga breki, tena na tena, usiku kucha, na saa ya ishirini breki zao zilikuwa bado breki.

Hapa nasimama kidogo, maana hili la kuchelewa breki ndilo vijana wanalolipenda, nalo lina makaburi yake. Tarehe 11 Juni 1955, hapo hapo Le Mans, Mike Hawthorn akiwa na Jaguar yenye diski alimpita Lance Macklin, kisha akakanyaga breki aingie kwa mafundi wake. Macklin, aliyekuwa nyuma yake karibu mno, alikwepa kushoto. Pierre Levegh alikuwa akija kwa Mercedes kwa spidi kubwa sana, akagonga nyuma ya gari la Macklin, lake likaruka na kupasukia ukingoni, na vipande vyake vikaingia katika umati. Walikufa watu zaidi ya 80, Levegh mwenyewe akiwamo. Magari ya Mercedes mwaka ule yalikuwa na breki za dramu, zikisaidiwa na ubao mkubwa nyuma ya dereva uliosimama kushika upepo. Watu wamebishana miaka yote hii nani wa kulaumiwa, nami sitaingia humo. Lakini tazama: katika barabara moja nyembamba, bila ukuta wa kuwatenga mafundi, yalikuwapo magari yanayoweza kusimama haraka na magari yasiyoweza, na kila dereva alijua breki zake mwenyewe tu.

Tena, faida ya ushujaa huo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, kwa kuwa nina muda. Chukua gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa, na kona inayotaka 100. Dereva shujaa akichelewa breki kwa mita 10 zaidi ya mwenzake, na akafaulu kupunguza mwendo ule ule, amepata chini ya moja ya tano ya sekunde. Mwingine asichelewe, bali atoke katika kona hiyo kwa 105 badala ya 100, kisha aongeze mwendo sawasawa na mwenzake katika mita 800 za barabara iliyonyooka: amepata karibu sekunde 0.3. Wala hakuhatarisha cho chote. Ndiyo sababu madereva wakubwa hufikiria kutoka kabla ya kuingia. Huingia kwa upana, husubiri, hugusa upande wa ndani wa kona wakiwa wamekwisha ipita nusu yake, ili watoke wamenyooka na waweze kukanyaga mafuta mapema. Ukienda upesi mno mwanzoni, mwisho wa kona utakudai.

Juan Manuel Fangio wa Argentina alilijua hilo kuliko wote wa zama zake, na ndiye aliyelivunja siku moja tu. Tarehe 4 Agosti 1957, Nürburgring, akiwa na umri wa miaka 46, alisimama kubadili tairi na kutia mafuta, mafundi wakachelewa, akarudi njiani zaidi ya sekunde 45 nyuma ya Hawthorn na Peter Collins. Mzunguko ulikuwa wa kilomita karibu 23, naye aliivunja rekodi yake tena na tena. Mwisho alifika dakika 9 na sekunde 17.4, nayo ni sekunde 8 chini ya muda wake mwenyewe wa majaribio. Aliwapita wote wawili katika mzunguko wa kabla ya mwisho. Baadaye alieleza kwamba kona nyingi alizikata kwa gia moja juu ya ile aliyoizoea, na kwamba hakupata kuendesha hivyo kabla ya siku ile wala hakutaka kuendesha hivyo tena. Huo ulikuwa ushindi wake wa mwisho katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mimi humheshimu zaidi kwa ile sentensi ya pili.

Sasa nafika kwenye fizikia, na namwomba mwalimu wetu, popote alipo, anisikilize. Mark Donohue wa Marekani alikuwa mhandisi kwa elimu yake, akashinda Indianapolis mwaka 1972, na katika kitabu chake alichotoa katikati ya miaka ya sabini alieleza jambo hili kwa mchoro wa duara. Tairi ina mshiko wa kiasi fulani, kama mtu mwenye mshahara mmoja. Mshiko huo unaweza kuutumia kwa breki, au kwa kukata kona, au kwa mafuta. Ukiutumia wote kwa breki, ukageuza usukani, tairi haina kitu mfukoni: gari litakwenda moja kwa moja. Hapo mwalimu wetu angesema, naam, ndiyo maana umalize breki kwanza.

Lakini mshahara huu haugawanywi kama wa kwetu. Breki huvuta nyuma, kona huvuta kando, na nguvu mbili zenye pembe mraba hazijumlishwi kwa kuhesabu vidole. Hujumlishwa kwa Pythagoras. Mkumbuke ile pembetatu ya 3, 4 na 5 iliyochorwa ubaoni hata chaki ikaisha. Ukitumia sehemu 6 katika 10 za mshiko kwa breki, hazibaki 4 za kona. Zinabaki 8! Kwa hiyo dereva anayeachia breki yote kabla ya kugeuza, kisha akageuza polepole, kuna kipande cha barabara ambapo tairi zake zinafanya kazi nusu. Ufundi ni kuziachia breki taratibu kadiri usukani unavyozidi kuzunguka, moja ikishuka na nyingine ikipanda, duara likifuatwa pembeni mwake. Uzito uliohamia mbele unasaidia tairi za mbele kugeuka. Jackie Stewart wa Scotland, bingwa wa dunia mara tatu, alisifika kwa jambo hili: si kwa ukali wa kukanyaga bali kwa upole wa kuachia. Gari lake lilionekana halina haraka.

(Donohue mwenyewe alikufa Agosti 1975, baada ya gari lake kuacha njia katika mazoezi ya shindano la Austria. Tairi ilipasuka. Duara halina sehemu ya pancha.)

Hiyo yote ni breki kwa mguu wa kulia. Ule mguu wa kushoto ulitoka kaskazini, kwenye theluji na misitu ya Sweden na Finland.

Kigari tulichokiona ni Saab 96, na dereva wake alikuwa Erik Carlsson, jitu la mtu ndani ya gari dogo. Wenzake walimpa jina la Carlsson wa Juu ya Paa kwa vile alivyolipindua gari mara kwa mara. Alikuwa amekwisha kushinda shindano la RAC la Uingereza mara tatu mfululizo, 1960 hadi 1962, na Monte Carlo mwaka 1962 na 1963. Injini ilikuwa ya silinda tatu, sentimita za ujazo 841, ya mipigo miwili kama ya pikipiki, inayopata oili yake pamoja na petroli. Injini ya namna hiyo ina nguvu juu tu. Mlio ukishuka, nguvu huzimika kama mshumaa. Tena gari lilikuwa na kifaa kilichoyaacha magurudumu yajizungukie dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta, ili injini isikaukiwe na oili. Kwa hiyo hakuna kusaidiwa na injini kupunguza mwendo. Na la tatu: gari lile lilivutwa na magurudumu ya mbele, na gari la namna hiyo likizidishiwa spidi katika kona hupenda kwenda moja kwa moja, porini.

Mguu wa kushoto ulitibu maradhi yote matatu kwa pamoja. Mguu wa kulia unabaki kwenye mafuta, injini inaendelea kulia juu. Wa kushoto unagusa breki. Magurudumu ya mbele yanazungushwa na injini, hivyo breki haiyazuii sana. Ya nyuma hayana injini, hivyo yanaipokea breki yote. Pua inainama, mkia unakuwa mwepesi, unaserereka kwenda nje kidogo, na gari lililokuwa linakataa linageuka. Dereva akiona limetosha, anainua mguu wa kushoto tu, na nguvu iko tayari pale pale. Hakuna kutia na kutoa benki, mwalimu. Ni ekseli mbili zenye kazi mbili. Rauno Aaltonen wa Finland alifanya vivyo hivyo na Mini, ambayo nayo huvutwa kwa mbele, na mwaka 1967 akashinda Monte Carlo.

Katika Safari ile ya 1964 Carlsson na msaidizi wake Gunnar Palm walikuwa wa pili. Aliyeshinda ni Peter Hughes, mkazi wa Kenya, kwa Ford Cortina, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma na lisilo na miujiza. Husimuliwa pia kwamba katika Safari Carlsson alikwama topeni, wakalibiringisha gari lao juu ya paa hadi mahali pakavu, wakaendelea. Na waandishi wa magazeti walipokataa kuamini, akalibiringisha tena mbele yao. Lakini wageni hawakushinda. Tangu mwaka 1953, shindano lilipoanza kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, hadi mwaka 1972, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena.

Kwa nini? Kwa sababu ufundi wote nilioueleza hutaka barabara unayoijua mshiko wake. Kwetu kona moja ina vumbi laini, ya pili kokoto, ya tatu tope jeusi, na ya nne ina ng'ombe. Joginder Singh, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva, alishinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1974 aliyekuwa wa pili nyuma yake alikuwa Björn Waldegård na Porsche yake yenye nguvu nyingi zaidi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo, 1979 hadi 1982. Watu hawa waliacha mshiko fulani mfukoni katika kila kona, kwa ajili ya kile wasichokiona. Ni breki ya namna nyingine, isiyowasha taa. Na mgeni wa kwanza kushinda, Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972 kwa Ford Escort, alikuwa na nani pembeni? Gunnar Palm yule yule wa kigari cha 1964. Alikuwa amekuja na daftari la miaka minane.

Ule mguu wa kushoto nao ulitoka porini ukaingia mjini. Madereva wa Audi zenye kuendeshwa na magurudumu yote manne, miaka ya themanini, waliutumia ili mashine ya kusukuma hewa ndani ya injini isipoe katikati ya kona. Na leo katika mbio za langalanga gari lina pedeli mbili tu, klachi ikiwa kwenye usukani, na mguu wa kushoto ndio wa breki. Mwalimu wetu angeuona mguu huo kazini Jumapili za mashindano.

Sasa, ndugu yangu mwenye mkongojo, pikapu yako.

Pikapu yako ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na siku ile nyuma haikuwa na hata gunia moja. Ulipokanyaga vyote viwili katika kona, mambo yalikwenda kinyume na ya Carlsson: injini iliyasukuma magurudumu ya nyuma, na breki ikayala ya mbele, ambayo ndiyo uliyoyahitaji kugeuza. Pua ikakataa. Wewe ukashtuka, kama ambavyo ningeshtuka mimi, ukatoa mguu wa kulia kwenye mafuta. Lakini wa kushoto ulikuwa bado kwenye breki, na mguu wa kushoto wa kila mmoja wetu umefundishwa kazi moja tu maisha yake yote, nayo ni kukanyaga klachi hadi chini. Magurudumu ya nyuma yasiyo na uzito yakafunga, mkia ukakupita, ukaingia korongoni kinyumenyume. Hiyo ndiyo nusu ya pili. Mwaka 1969 sikuijua. Niliijua nusu ya kushindia ubishi, nikapanda nayo basi.

Kona yetu nilikwenda kuitazama mwaka uliopita. Barabara imewekwa lami na kunyooshwa, ikapita upande wa chini, na kona yenyewe imebaki njia ya ng'ombe yenye nyasi katikati. Mkuyu upo. Safari nayo ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, lakini hapo kwetu haipiti tena, wala haikupita tangu tukiwa vijana.

Nilimpigia simu mwenzangu kumsomea makala haya kabla sijamletea Mhariri. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema bado haamini zile taa, huenda nyaya ziligusana. Amesema tukikutana mwaka huu twende tukaione kona. Ataendesha yeye, gari la mwanawe lisilo na klachi, na mguu wake wa kushoto, ule uliovunjika, utakaa chini umetulia.